Kijana Ametolewa Tonsesi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Viktoria

Ukurasa huu ni wa mzazi au mlezi ambaye kijana wake, wa miaka 12 hadi 19 hivi, ametolewa mafindofindo, yale ambayo mitaani wengi tunayaita tonsesi, na sasa amelala nyumbani Igoma, Buswelu, Kisesa au ng'ambo ya maji. Maelekezo ya daktari aliyempasua yanatangulia haya yote. Siku ya upasuaji tunaihesabu kuwa siku ya 0.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Hatari ya kutokwa damu haiishi siku mnayoruhusiwa kutoka wodini. Hurudi kati ya siku ya 5 na ya 10, na mara nyingi huwakuta watu wamekwisha kulegeza macho kwa sababu mgonjwa ameanza kucheka na kuomba chipsi.

Mdogo wake alitolewa tonsesi akiwa na miaka 5, siku ya nne akawa anakimbia uani. Huyu mkubwa mbona analia?

Hajidekezi. Tonsesi za kijana zimeshaugua mara nyingi, na kila ugonjwa uliacha kovu lililozishikiza kwenye misuli ya koo. Kuzibandua hapo ni kazi kubwa kuliko kwa mtoto mdogo, na kidonda kinachobaki ni kikubwa. Tena kidonda hicho hakishonwi. Huachwa wazi, ngozi laini ya koo ikaota taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, huku misuli iliyo chini yake ikifanya kazi kila anapomeza mate. Jiandaeni kwa siku 10 hadi 14.

Maumivu yatakwendaje siku baada ya siku?

Siku ya 0 na ya 1 zinaweza kuwadanganya, kwa sababu dawa za chumba cha upasuaji bado zimo mwilini. Siku ya 3 hadi ya 5 ndipo koo linawaka. Baadaye hutulia kidogo, kisha maumivu hupanda tena gaga la kidonda linapobanduka, karibu na siku ya 6 au ya 8. Kupanda huko kwa pili huwashtua wengi wakadhani kidonda kimeharibika, kumbe ndiyo njia ya kupona. Kuanzia siku ya 10 wengi humeza bila kukunja uso.

Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote: koo limekauka usiku kucha na dawa imekwisha nguvu.

Nimpe panadol ngapi, na saa ngapi?

Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, mara 4 kwa siku, bila kuzidi gramu 1 kwa mara moja. Kijana wa kilo 50 anakunywa kidonge kimoja na nusu cha miligramu 500 kila mara, na wa kilo 67 na kuendelea vidonge viwili. Wa kilo 40 anahitaji miligramu 600, nayo ni mililita 25 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Ukitumia vidonge, kimoja na robo kinakaribia kiasi hicho. Mpimeni uzito kabla ya kutoka hospitali, msikisie.

Saa zetu zinarahisisha kazi: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Hiyo ya saa 6 usiku ndiyo watu huiruka kwa huruma, "mwacheni alale," kisha alfajiri kijana anaamka koo limekakamaa, hawezi kumeza hata kidonge chenyewe. Kwa siku 5 za mwanzo tega kengele ya simu, umwamshe, anywe dawa na maji, alale tena. Dawa inayofuata saa hulinda. Dawa inayosubiri alie hukuta maumivu yameshakomaa na inachukua karibu saa nzima kuyafikia.

Kosa lingine tunaloliona ni kidonge kimoja kwa kijana wa kilo 60, halafu familia inasema panadol haifanyi kazi. Kuna kosa la upande wa pili pia: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Usizichanganye. Kiasi kinachozidi huumiza ini kimyakimya, na dalili huja siku kadhaa baadaye.

Kidonge kikigoma kushuka, kisage, changanya na kijiko cha uji wa baridi au ndizi iliyopondwa.

Ibuprofeni je? Na diklofenaki?

Ibuprofeni pamoja na parasetamoli huzuia maumivu vizuri kuliko moja peke yake, na zinaweza kutumika kwa siku moja. Kiasi ni miligramu 10 kwa kilo, isizidi 400 kwa mara moja, kila saa 8, tumboni kukiwa na kitu. Ratiba inayokaa vizuri ni saa 2 asubuhi baada ya uji, saa 10 jioni, na saa 6 usiku pamoja na parasetamoli na nusu kikombe cha maziwa.

Wapasuaji hawana kauli moja kuhusu ibuprofeni na damu. Wengi wanaikubali, wengine hawaitaki kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka wodini. Mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asipewe. Asiyekunywa maji ya kutosha pia asipewe mpaka anywe, maana figo iliyokauka haiipendi.

Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni. Tumia moja tu, ile daktari aliyoiandika. Vile vidonge vinavyounganisha diklofenaki na parasetamoli, ambavyo duka la dawa hukupa ukisema tu "naumwa", vinaweza kumfanya kijana anywe kila dawa mara mbili bila mtu kujua. Aspirini marufuku kabisa: huzuia damu kuganda. Baadhi ya vidonge vya kichwa vinayo, kwa hiyo soma pakiti.

Maumivu yamezidi, na nimepewa dawa yenye kodeini au tramadoli.

Usimpe aliye chini ya miaka 18. Ini la baadhi ya watu hugeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na mtoto anaweza kulala akaacha kupumua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu kodeini baada ya upasuaji wa tonsesi mwaka 2013, na mwaka 2017 ikazuia tramadoli kwa walio chini ya miaka 18 baada ya upasuaji huohuo. Maumivu yakishinda parasetamoli na ibuprofeni zilizotolewa kwa kiasi na kwa saa zake, arudi hospitali aonwe.

Nimemulika koo kwa tochi ya simu, kumejaa utando mweupe. Ni usaha?

Sio usaha. Ni gaga la kidonda cha ndani ya koo. Mahali penye mate muda wote gaga haliwezi kuwa jeusi na kavu kama la gotini, hivyo huwa jeupe, la njano au la kijivu. Huonekana tangu siku ya 1 au ya 2 na kubanduka vipandevipande. Usilikwangue kwa kijiko, pamba wala kidole. Kimeo nacho kinaweza kuvimba na kuning'inia mpaka kikagusa ulimi. Hupungua chenyewe ndani ya siku chache.

Kwa sababu ya utando huo wazazi wengi hukimbilia kununua amoksisilini, dawa ya kuua bakteria. Haifupishi maumivu. Kama daktari ameandika dozi, imalizwe. Kama hakuandika, usiongeze.

Sikio linamuuma sana. Limeingia maji?

Hapana. Mshipa wa fahamu unaohudumia koo unahudumia sikio pia, na ubongo hukosea chanzo. Dawa ya maumivu ndiyo dawa yake. Usimtie matone.

Anywe kiasi gani?

Kijana wa kilo 40 hadi 50 anahitaji kama lita 2 kwa siku, na joto la Mwanza likipanda anahitaji zaidi. Usimwekee jagi mbele yake ukamwambia amalize. Jagi linamkatisha tamaa. Gawanya: nusu ya kikombe cha chai kila saa anapokuwa macho, kwa mafunda madogo. Jaza chupa ya lita 1 mara mbili, uone kwa macho imebaki wapi saa 6 mchana na saa 12 jioni. Funda la kwanza ndilo linaloumiza kuliko yote. La tano huwa limelainika. Mwambie hivyo kabla hajaanza. Saa nzuri ya kumnywesha ni nusu saa mpaka saa moja baada ya dawa.

Koo lisilomeza hukauka, gaga likakauka nalo, likapasuka na kuuma zaidi, naye akazidi kugoma kumeza. Mzunguko huo ndio unaorudisha vijana wengi hospitali kuwekewa dripu. Dalili zake: mkojo wa rangi ya chai, hajakojoa saa 8 hadi 12, midomo imepasuka, kizunguzungu akisimama. Akifika hapo na bado anakataa kunywa, mpeleke.

Maji yawe yamechemshwa na kupoa, hata yakitoka bombani, na ya ziwani ndiyo usiseme. Kuhara katika wiki hii ni balaa juu ya balaa. Chumvichumvi za pakiti, zikichanganywa na kipimo cha maji kilichoandikwa na kupozwa, zinafaa sana anapokuwa amelegea. Soda itikiswe gesi itoke kwanza. Madafu ni mazuri ukiyapata, lakini kwa bei yake huku kwetu usijitese.

Epuka juisi chachu: ndimu, nanasi, pasheni, ukwaju, ubuyu. Zinachoma kidonda kama chumvi kwenye mkwaruzo. Choya, yaani juisi ya rosela, ina makosa mawili, ni chachu na ni nyekundu. Rangi nyekundu ya aina yoyote iwekeni kando kwa wiki mbili, maana akitapika hamtajua kama ni juisi au damu.

Ale nini? Hapa kwetu chakula ni ugali na samaki.

Atakula ugali na samaki, ila kwa mpangilio. Siku ya 0 na ya 1: uji mwepesi wa mchele au wa mahindi uliochujwa, uliopoa mpaka vuguvugu, maziwa, supu iliyopozwa bila pilipili wala ndimu. Siku ya 2 hadi ya 5: uji wa ulezi wenye maziwa na siagi ya karanga laini, viazi mviringo vilivyopondwa, ndizi za kupika zilizopondwa na mchuzi, parachichi, papai, mayai yaliyovurugwa yakiwa laini. Ugali laini wa sembe na mlenda ni chakula kilichoumbwa kwa ajili ya koo hili. Unateleza wenyewe, na kijana aliyechoka na uji hukishukuru.

Samaki: mnofu wa sangara uliochemshwa, ukapekuliwa kwa vidole mpaka uhakikishe hauna mwiba. Sato ni mtamu, lakini miiba yake ni midogo na mingi. Mwiba ukichoma kidonda ni safari ya hospitali. Dagaa wa kukaanga wasubiri wiki ya tatu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ukiyapika mpaka yakalainika kabisa na kuyaponda, sawa. Makavu ya kutafuna hapana. Ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, ni mzito na unanata, ukikwama unauma.

Mahindi ya kuchoma, karanga nzima, bisi, kashata, mihogo ya kukaanga na chipsi kavu tunashauri vingoje siku 14. Hapa tuseme ukweli wote: zipo hospitali, hasa Uingereza, zinazomhimiza mgonjwa ale chakula cha kawaida mapema, kwa hoja kwamba kutafuna hulegeza misuli ya taya na koo. Hoja hiyo ina uzito. Kijana akiomba wali laini au mkate uliochovywa kwenye chai ya vuguvugu siku ya 3, mpe. Asiyekula kabisa kwa kuogopa yuko pabaya kuliko aliyekula mkate.

Kupungua kilo moja au mbili ni kawaida, zitarudi.

Barafu na aiskrimu ni lazima?

Si lazima, lakini baridi hutia ganzi na kupunguza uvimbe. Barafu za mifukoni zinazouzwa mtaani hujui maji yake yametoka wapi, na nyingi ni za ukwaju au ubuyu. Gandisha nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, ukitia maziwa na sukari au embe bivu lililosagwa. Anayehisi maziwa yanamwachia ute mzito kooni asukumie na mafunda mawili ya maji.

Tangawizi, ndimu, asali, kujifukiza?

Asali ndiyo peke yake tunayoikubali katika orodha hiyo: kijiko kimoja, kilambwe taratibu mara 3 au 4 kwa siku. Tangawizi na ndimu zinachoma. Kujifukiza kwa mvuke wa moto hupanua mishipa ya damu kwenye kidonda, na hicho ndicho kitu tusichokitaka. Chai ya moto na kuoga maji ya moto sana viko katika kundi hilohilo. Moshi wa jiko la mkaa, wa kukaushia samaki na wa sigara ya mtu mwingine humkausha koo na kumkohoza, hivyo alale mbali na jiko.

Damu kiasi gani ndiyo ya kutisha?

Mate yenye uzi wa pinki siku ya 0 na ya 1 ni kawaida. Matapishi ya kahawia mara moja usiku wa kwanza ni damu ya zamani aliyoimeza akiwa usingizini mwa dawa. Zaidi ya hapo, damu yoyote mbichi, nyekundu, hata kijiko kimoja cha chai, hata ikiwa imeshakoma, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri asubuhi. Damu ndogo iliyokoma yenyewe siku ya 6 mara nyingine hutangulia kubwa saa chache baadaye.

Usiku damu haionekani kwa sababu anaimeza. Msikilize: akiwa usingizini anameza mate tena na tena, kama anayekunywa kitu, mwamshe umulike mdomo. Wengine hutapika ghafla mabonge meusi ya damu asubuhi. Uso uliopauka, jasho la baridi na mapigo ya haraka ni dalili kwamba imeshapotea nyingi.

Mkiwa njiani au mkisubiri gari, aketi wima na kuinama mbele kidogo, ateme kwenye beseni bila kujikohoza. Asilazwe chali. Akizimia, mlaze kwa ubavu, mdomo ukielekea chini. Kipande cha barafu cha kumumunya kinasaidia ikiwa kipo karibu. Usimtie pamba, kahawa, mkaa wala majani. Asile chakula, wala uji, kwa sababu huenda akarudishwa chumba cha upasuaji, na tumbo tupu ni usalama wake. Nendeni na beseni lenyewe au picha yake, kadi ya hospitali, kadi ya bima na jina la kila dawa aliyokunywa na saa yake.

Kwa nini siku ya 5 hadi ya 10? Kwa sababu ndipo gaga linapobanduka, na mishipa midogo chini yake inakuwa haijafunikwa vizuri. Kati ya vijana 100, wachache tu hutokwa damu ya namna hii, lakini huwezi kujua mapema ni yupi.

Usafiri upangwe kabla. Bodaboda haimfai anayetapika damu. Hifadhi namba mbili za madereva wa bajaji au teksi wanaopokea simu usiku. Kama nyumba yenu iko juu ya mawe, Mabatini, Igogo au Isamilo kwa juu, ambako gari haliingii, jueni nani atamshusha na kwa njia ipi, au mhamishieni kwa ndugu wa barabarani mpaka siku ya 10 ipite.

Tunaishi Ukerewe. Tunaweza kurudi nyumbani siku ya 3?

Msirudi. Meli ya Nansio ina saa zake, na damu haina ratiba. Vilevile kwa Ukara, Kome, Maisome na visiwa vya wavuvi ambako usafiri wa usiku ni mtumbwi wenye injini na upepo wa ziwa. Tafuteni pa kufikia mjini mpaka siku ya 10, ikiwezekana ya 14, pasipozidi nusu saa kufika hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Kwa Mwanza wengi hutegemea Bugando. Ulizeni wodini mkiwa bado ndani: usiku tukipata shida tuingie mlango gani, na tupige namba ipi?

Walio Sengerema na Geita wamepunguziwa mzigo tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwani hawangoji tena kivuko. Hata hivyo, bado ni safari ndefu kwa mtu anayetema damu.

Gharama ya siku kumi za ugenini ni nzito, tunajua. Ndiyo maana upangeni upasuaji kwa hesabu hiyo tangu mwanzo, ndugu wapigiwe simu kabla ya kisu.

Ana joto. Ni malaria?

Nyuzi 37.5 hadi 38 na pointi kidogo katika siku mbili za mwanzo ni kawaida, hasa asipokunywa maji. Mpe maji na parasetamoli, upime tena baada ya saa moja. Likizidi 38.5, au likianza siku ya 3 na kuendelea, apimwe hospitali. Kanda ya Ziwa malaria ipo mwaka mzima, lakini kipimo kitangulie dawa. Atazamwe pia kifua na koo. Parasetamoli huficha homa, kwa hiyo pima kabla ya dozi, si baada yake.

Mdomo unanuka.

Ni lile gaga, na harufu huisha karibu na siku ya 10 hadi 14. Apige mswaki laini kuanzia siku ya 1, bila kufika nyuma ya ulimi. Asukutue mdomo taratibu kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Asukutue mashavu tu; kusukutua koo kwa nguvu kungoje. Dawa za kusukutua zenye spiriti zinachoma.

Anakoroma kuliko zamani!

Uvimbe. Mto wa pili chini ya kichwa, na subira ya wiki moja au mbili. Akikoroma kisha akinyamaza bila kuvuta pumzi, au akihema kwa taabu, ni dharura.

Kijana wetu ana selimundu.

Basi mambo mawili hayana mjadala: maji na joto la mwili. Kukauka kidogo tu kunaweza kuamsha maumivu ya mifupa au kubana kwa kifua. Daktari wa selimundu na mpasuaji wazungumze kabla ya upasuaji, kijana alale wodini kwa muda mrefu kuliko wenzake, na dawa zake za kila siku zisikatishwe bila wao kusema. Asipoweza kunywa kwa nusu siku, msingoje dalili nyingine.

Alikuwa akichomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa ajili ya moyo. Sasa tuache?

Hapana. Sindano ile inalinda vali za moyo dhidi ya bakteria wanaoweza kushika koo hata lisilo na tonsesi. Anayeamua iishe lini ni daktari wa moyo.

Bibi yake anasema angekatwa kimeo tu yangeisha.

Shikamoo yake bibi, lakini hivyo ni viungo viwili. Kimeo ni kile kinachoning'inia katikati; tonsesi ziko pembeni, kushoto na kulia. Kukata kimeo hakuponyi tonsesi, na kukatwa na mganga kwa kifaa kisichochemshwa kumeleta vifo vya damu na maambukizi. Kama kuna mtu anapanga kumkwangua koo "kumalizia kazi" wakati huu wa kupona, azuiwe mlangoni.

Sauti imebadilika, na maji yanatokea puani.

Mlango ulikuwa mdogo, sasa ni mpana, na misuli ya kaakaa inajifunza upya. Anywe akiwa wima, kidogokidogo. Yakiendelea baada ya wiki kadhaa, mwambieni daktari. Ganzi ya ulimi na ladha ya chuma hupita.

Yuko kwenye hedhi. Ina shida?

Haileti damu kooni. Angalia tu dawa anayotumia kwa maumivu ya tumbo: nyingi ni ndugu wa ibuprofeni, naye atakuwa amezidisha bila kujua.

Mfungo wa Ramadhani umeangukia hapo.

Asifunge wiki mbili hizo. Mgonjwa ana ruhusa, na siku zake atazilipa akishapona. Ikiwa upasuaji si wa haraka, ombeni tarehe nyingine.

Shule, mpira, kuogelea ziwani?

Darasani, siku ya 10 hadi 14, akiwa anakula na kulala bila dawa. Bweni ni habari nyingine. Asirudi kabla ya siku ya 14, kwa sababu usiku wa bweni hakuna anayesikiliza anavyomeza. Mwalimu mlezi na matroni wapewe barua inayosema tarehe ya upasuaji, dawa, na kwamba damu yoyote ni dharura. Likizo ya Juni au ya Desemba ndiyo wakati mzuri. Wiki za kuelekea mtihani wa kidato cha nne ndiyo mbaya kuliko zote.

Mpira, mbio, kwaya, kubeba ndoo kichwani, kulima na kupanda milima ya mawe vingoje siku 14 kamili. Ziwani pia, na hapo kuna kichocho juu yake. Asiende kuvua hata kama anajisikia mzima. Ndege isubiri wiki mbili.

Kijana ataficha mambo mawili: sigara au shisha, na kwamba ametema damu kidogo akaogopa kurudishwa kwenye sindano. Mwambieni mapema, bila ukali, kwamba hatagombezwa kwa kusema.

Kinga yake itapungua?

Koo na nyuma ya pua vina tezi nyingine nyingi za kazi hiyohiyo. Atapata mafua kama wengine, na koo litauma mara mojamoja, lakini zile homa za tonsesi za kila mwezi hazina tena mahali pa kukaa.

Amepona. Kliniki ya kurudi ina kazi gani?

Daktari hutazama kama kidonda kimefunika, na kama misuli ya taya inafungua mdomo vizuri. Ikiwa tonsesi moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, ulizeni kama ilipelekwa maabara na majibu yako wapi, kwa sababu karatasi ile hukaa faili mwaka mzima bila mtu kuifuata.